Kiraka Kabla ya Tundu

Mwanamke akikasirika kweli hapigi kelele, hutafuta kazi ya mikono. Jioni ile Pindo alikuwa akiipiga pasi suti ambayo ilikuwa imeshanyooka kitambo, akienda na kurudi, akienda na kurudi, mpaka mama yake mdogo aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua vifungo kwenye kopo akashindwa kuvumilia.

"Hiyo suti imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Mimi ndiye nimeikosea."

"Basi iombe radhi uiache ipumue."

Chumba chao cha mavazi kilikuwa nyuma ya ghala lililokuwa likihifadhi matairi zamani, na harufu ya mpira haikuwahi kuhama. Suti za watu wa anga zilining'inia ukuta huu hadi ule kama abiria waliochoka kungoja. Upande wa pili wa ukuta kilisimama chombo chenyewe cha anga. Ukikitazama kwa mbele kinatisha. Ukikizunguka ni plaiwudi na misumari, swichi zilizong'olewa kwenye mashine mbovu za kufulia, na dirisha la nyota ambalo ni kitambaa cheusi kilichotobolewa kwa sindano, taa nyuma yake.

Matundu hayo ya nyota aliyatoboa Pindo mwenyewe. Hilo jina si la kuzaliwa, ni la kazi. Aliyelianzisha ni mtu ambaye jioni ile Pindo hakutaka hata kusikia kikohozi chake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miaka sita nyuma watu hawa walitengeneza filamu ya nahodha mzee aliyepotea katikati ya nyota. Nahodha alivaa suti ya kijivu, na kwenye kiwiko cha kushoto palikuwa na kiraka chekundu. Kiraka hakikuwamo kwenye hadithi iliyoandikwa. Mwigizaji aliegemea taa iliyowaka muda mrefu, kitambaa kikaungua, na Pindo akakata mfuko wa aproni yake akaziba tundu ili kazi isilale. Filamu ilipotoka, watu wakakipenda kiraka kuliko nahodha. Watoto wakawasumbua mama zao wawawekee viraka kwenye nguo nzima. Sasa ilikuwa zamu ya filamu ya pili, na hii ilirudi nyuma kusimulia ujana wa nahodha, kabla hajapotea.

Mama mdogo alipoelezwa habari hiyo mara ya kwanza aliweka kikombe chini.

"Yaani mtoto wa pili ndiye wa mwanzo?"

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Na huyu mzee, aliyezaliwa mbele, ndiye anayemfuata."

"Ndiyo."

"Nyinyi si wazima."

Katika hadithi hii ya ujana, moto ungezuka ndani ya chombo karibu na mwisho, na hapo ndipo kiwiko kingeungua. Kabla ya hapo suti ilitakiwa iwe mpya, haina hata mkunjo. Kila mtu alilijua hilo. Pindo alilijua kuliko wote. Akakata kitambaa, akashona, akapiga pasi, akaitundika. Kisha akaitazama akaona kama kuna kitu kimepungua. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kikapu, ukachukua kitambaa chekundu, ukashona kiraka. Kiraka kabla ya tundu.

Wakapiga picha wiki nzima. Hakuna aliyeona. Walikuwa wamemzoea nahodha na kiraka chake kama unavyozoea pua ya jirani. Ikawa mchana wa siku hiyo ndipo mtayarishaji wa filamu alipoketi na wakuu wa kazi kutazama yaliyopigwa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Moto umeshawaka?" aliuliza.

Wakamwambia bado.

"Na kiraka kimetoka wapi?"

Mama huyo wafanyakazi walimwita Mama Ratiba akiwa mbali, na Dada akiwa karibu. Kwa mwongozaji wa filamu alikuwa dada kweli, tumbo moja, tena dada aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Hakupandisha sauti. Alisema kesho asubuhi, kabla kamera haijawashwa, anataka kuambiwa mbele ya watu wote kosa ni la nani, na mwenye kosa achukue mkoba wake aende kwao. Na atakayesimama kumtaja ni mwongozaji, maana kazi ni yake.

Ndiyo maana Pindo alikuwa akiiadhibu suti kwa pasi.

Mlango ulikuwa wazi, lakini mtu akagonga. Mama mdogo akainua kichwa.

"Karibu, mkwe," alisema. Kisha akajigonga kipaji cha uso kwa kidole. "Nisamehe, uzee. Nimesahau kwamba hukufika huko."

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba. Wewe hukuniamkia kwa mapenzi, ukaja kuniamkia kwa kiraka."

Mwongozaji akabaki mlangoni. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mabega ya kuinama kidogo kama mtu aliyezoea kuchungulia ndani ya kamera. Wafanyakazi walimwita Jicho. Mvi zilikuwa zimemwanzia juu ya masikio, na Pindo, ambaye alikuwa ameapa kutomtazama, akaziona. Zilimpendeza. Hilo likamuudhi zaidi.

"Naomba nizungumze naye kidogo," mwongozaji alisema.

"Zungumza. Masikio yangu yako ndani ya kopo."

Hakuondoka. Mwongozaji akaingia, akasimama upande wa pili wa meza ya pasi.

"Kwa nini umekishona?"

"Uulize mkono."

"Nakuuliza wewe."

"Niliiona suti haijakamilika nikaikamilisha. Ndivyo ninavyoikumbuka. Umeridhika?"

"Wiki nzima, Pindo."

"Usiniite hilo jina."

"Ghala zima linakuita hivyo."

"Ghala zima silo lililonipa."

Pasi ikafoka mvuke kati yao.

"Unajua kilichoharibika?" mwongozaji alisema. "Picha ya kuagana imeharibika. Yule kijana jana amelia machozi ya kweli, hakuwekewa hata tone. Nikimwambia arudie atalia ya kitunguu."

"Aje hapa nimwazime yangu. Niliyaweka akiba."

"Nazungumza kazi."

"Na mimi nazungumza kazi. Unataka kujua nilikuwa nafikiri nini nilipoweka kiraka? Haya, nami nikuulize. Wewe ulikuwa unatazama nini? Watu wanakuita Jicho. Juzi umewasimamisha watu wote kwa sababu nzi ametua kwenye dirisha la nyota. Nzi umemwona. Kitambaa chekundu kipana kama kiganja kimekaa mbele ya kamera yako asubuhi na jioni, hukukiona?"

Mama mdogo akaacha kuchambua vifungo.

"Jibu," Pindo akasema.

"Nilikiona."

"Ulikiona?"

"Nilikiona, ila sikujua kwamba nakiona. Kila nikikitazama moyo unatulia. Nikadhani ni picha ndiyo nzuri." Akajaribu kucheka, ikamshinda. "Sikumbuki suti ile ikiwa nzima. Nimejaribu tangu mchana. Siikumbuki."

Pindo akashusha pasi. Hata yeye alikuwa amejaribu mchana ule ule, akashindwa vile vile. Macho yao yakakutana juu ya kiwiko cha kushoto. Yalikuwa macho yale yale, ya kahawia, yenye ukungu kidogo kwenye pembe, na yalimtazama kana kwamba hakuna mlango wala mama mdogo. Moyo wake ukataka kulainika. Akaushika shingoni kama anavyoshikwa kuku.

"Maneno matamu," alisema. "Kesho utayasema mbele ya dada yako?"

Akamwona anavyorudi nyuma, hatua ndogo, kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Kesho nitajua la kusema."

"Siku ile pia ulijua la kusema. Ulijua sana." Sauti yake ikashuka, na iliposhuka ndipo ikawa mbaya. "Dada yako amekuja kwa mama yangu. Ameketi pembeni ya kiti kana kwamba kina kunguni. Amesema mdogo wake ameitwa kwenda kuizungusha filamu dunia nzima na ndoa itamfunga miguu. Mama yangu anamtazama, mimi nimesimama na trei. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Garini."

"Garini. Nje ya nyumba yetu. Nilikuona kupitia pazia. Nikasema, sasa hivi atashuka. Nikasema, anatafuta kiatu, atashuka. Dada yako akatoka akaingia garini mkaenda zenu. Hata injini hukuizima, mwanamume wewe."

"Amenilea, unajua. Aliacha shule ili nisome mimi. Nikitaka kumwambia hapana mdomo wangu..."

"Unakufa. Naujua huo mdomo. Nimeuzika mimi."

Mama mdogo akakohoa. "Dada yangu, mama yake, alimwambia huyu mtoto, siku alipoichukua kazi hii: mtu aliyekutema akija kukuokota, ujue ana njaa. Mimi nikamtetea. Nikasema, mwache aende, kazi ni kazi, mimi nitakuwa karibu." Akamtazama mwongozaji kutoka kwenye viatu hadi mvi. "Una njaa?"

"Ndiyo, Mama mdogo," mwongozaji akajibu taratibu.

Mama mdogo hakuwa ametarajia jibu. Akarudi kwenye kopo lake.

"Toka," Pindo akasema. "Nina kazi."

"Kesho nitalimaliza jambo hili. Hutafukuzwa. Nakuahidi."

"Usiniahidi kitu. Toka."

Akatoka. Pindo akachukua pasi na kuanza tena kiwiko kilekile, na mama mdogo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakutia neno.

Asubuhi ghala lilikuwa na baridi na harufu ya chai. Watu walisimama mbele ya chombo cha anga na vikombe vya plastiki mikononi, wakiongea chinichini kama waliofika kwenye kesi ya jirani: wanataka kusikia, hawataki kuonekana wakisikia. Kijana aliyeigiza nahodha alikuwa amevaa suti tayari. Kiwiko cha kushoto alikifunika kwa kiganja cha kulia, maskini, kana kwamba kosa ni la mwili wake. Pindo alisimama karibu na mtu wa taa, mama mdogo ubavuni. Usiku alikuwa amejiandaa kwa mambo mawili. Mwongozaji atamtaja, naye Pindo ataondoka kichwa juu. Au mwongozaji atanyamaza, ataondoka vilevile, maana mtu hakai mahali pa kunyamaziwa mara mbili.

Dada akafika, akatundika koti lake kwenye usukani wa chombo cha anga.

"Haya," alisema. "Nani?"

Mwongozaji akasogea mbele. "Mimi."

"Wewe ndiye uliyeshona?"

Watu wakacheka, wakajirudi.

"Niliagiza mimi. Nilimwambia fundi akiweke, nikidhani kitapendeza. Yeye alitii tu. Kosa ni langu, Dada."

Alisema bila kukwama, na alisema akimtazama dada yake usoni. Mnong'ono ukapita kwa watu, mnong'ono wa kumsifu. Mama mdogo akamfinya Pindo kiunoni, maana yake ikieleweka bila tafsiri: funga mdomo, umeokoka.

Na kweli, ilikuwa rahisi. Angenyamaza tu, kazi ingebaki yake na jioni angerudi kwao hana aibu. Lakini kitu kilikuwa kikimpanda kutoka miguuni, kitu cha moto, na kilipofika kooni kikakataa kumezwa.

"Anasema uongo," alisema.

Vichwa vyote vikageuka.

"Hakuniagiza. Kiraka nimeshona mimi, kwa mkono wangu, kwa uzi wangu. Nimekosea kama mtu yeyote anavyokosea." Akamgeukia mwongozaji, na hapo ghala likapotea, wakabaki wawili. "Siku ile ulininyamazia bila kuniuliza. Leo umenisemea bila kuniuliza. Kwako mimi ni suti, unavua unavaa?"

"Nilikuwa nakuokoa."

"Nani alikuita? Kosa langu nalo unaninyang'anya? Niachie hata hilo."

Mtu wa taa aliacha kutafuna. Kijana wa suti alisahau kiwiko, mikono ikamning'inia.

"Umemaliza?" Dada akauliza.

"Nimemaliza."

"Umesema kweli, na ninakushukuru kwa hilo. Chukua vitu vyako."

Pindo akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea chumba cha mavazi, mama mdogo nyuma yake akinung'unika juu ya watoto wenye midomo mirefu, aliposikia:

"Hapana, Dada."

Halikusemwa kwa nguvu. Dada mwenyewe alitazama nyuma yake kuona ni dada gani mwingine anayeambiwa.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Haondoki." Mwongozaji alikuwa amekunja ngumi kama anayesubiri sindano ya daktari. "Suti mpya ataishona yeye, na picha tutazirudia. Atakayemwondoa aniondoe na mimi. Na ile siku ya garini pia ilikuwa hapana, ila sikuisema."

Dada akavua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, na amechoka.

"Siku ya garini," alirudia. "Unataka tuzungumze hayo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Haya. Nilikuuliza au sikukuuliza? Kabla sijashuka, mkono wangu uko mlangoni, nilikuuliza: unamtaka huyu mwanamke, nirudi nyuma? Ukafanya nini?"

Mwongozaji akainamisha kichwa. "Nilinyamaza."

"Ulinyamaza. Mwanamume mzima akiulizwa kama anataka mke akanyamaza, mimi nielewe nini? Nikajua humtaki na unaona haya kusema. Nikaenda kujivunjia heshima kwa mama wa watu kwa ajili yako. Miaka sita nasalimiwa na watu wale kwa ncha ya midomo." Akaigonga miwani kwenye kiganja. "Kumbe umenifanya mimi ndiye mbaya wako."

Pindo alisimama palepale, nusu ya safari, na ulimwengu aliokuwa ameujenga kwa hasira miaka yote hiyo ukatikisika kama chombo kile cha plaiwudi mtu akikiegemea. Alikuwa amemchukia mwanamke huyu kila siku, tena kwa bidii, na mwanamke mwenyewe aliuliza swali akakosa jibu.

Dada akamgeukia. Akamtazama kwa muda, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama hata alipokuwa kwenye kile kiti chao.

"Yeye nilimuuliza," alisema. "Wewe sikukuuliza, na ningepaswa. Nakuuliza sasa. Unamtaka huyu?"

Pindo akafungua mdomo.

Neno halikuja. Alilitafuta kifuani hakulikuta, akalitafuta kooni, ulimi umekuwa mzito kama mfuko wa mchanga. Watu wote wanamtazama, mtu wa taa, kijana wa suti, mama yake mdogo mkono shavuni. Na yeye, mwongozaji, anamtazama. Uso umemtoka rangi, anangoja kama Pindo alivyongoja nyuma ya pazia. Hapo ndipo Pindo alipojua jinsi mdomo unavyokufa. Hakufurahi kujua. Angependa abaki hajui, aendelee kumtukana kwa raha.

"Mwanangu," mama mdogo akanong'ona, "usije ukaturudisha miaka sita mingine, magoti yangu hayatafika."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho kikamlegeza koo.

"Namtaka," Pindo akasema.

Kisha akaona halijatosha, akaongeza kwa sauti ambayo hata walinzi wa getini waliisikia: "Na hasira sijamaliza. Nina hasira za kumtosha mpaka awe kikongwe. Mtu asije akadhani nimesamehe."

"Hayo ni mambo mawili," Dada akasema.

"Ni mawili. Yanakuja pamoja. Asiyeyataka yote aache yote."

Dada akavaa miwani yake, akamtazama mdogo wake kwa juu ya fremu. "Umesikia bei?"

"Nimesikia, Dada."

"Jioni tutakwenda kwa mama yake. Nitaketi kiti kizima. Sasa hasira mkazimalizie kwenu, hapa tuna kazi. Mvueni huyu kijana kiraka. Leo tunaanza na picha za kuanzia kifuani kwenda juu, mpaka suti mpya iwe tayari, maana hii itabaki na alama za sindano."

Watu wakatawanyika kwa kelele nyingi, kila mmoja akijifanya ana haraka. Pindo akamwendea kijana, akamshika mkono, akaanza kufumua kiraka kwenye kiwiko, uzi kwa uzi. Kijana akataka kusema jambo la kumpongeza, akamwona uso, akaona bora atazame nyota.

Nyayo zikasikika nyuma yake. Alizijua nyayo hizo hata kwenye zulia. Zikasimama.

"Usinisogelee," Pindo akasema bila kugeuka. "Nina mkasi mkononi."

Mwongozaji akasogea karibu.